Mchemraba Uliovunjika Bila Umeme

Haya niliyaona kwa macho haya, saa saba mchana, sina homa wala sijaonja kileo. Ukitaka ushahidi, nenda Kurasini. Kuna ghala lenye nguzo sita lisilo na paa. Mie ndiye niliyeliacha hivyo.

Serikali ilinipeleka China kusomea upimaji wa zege. Chuo kile cha ufundi kilikuwa na maabara ambazo sijaona mfano wake: mashine ya kukandamiza boriti nzima ya daraja, ndefu kama nyumba ya ghorofa, na vyumba ambavyo joto lake halibadiliki hata nje kukiwa na theluji. Mwalimu wangu, Shen, alikuwa na sheria moja. Mchemraba wa zege, sampuli ya zege lililomwagwa jengoni, hulala majini siku ishirini na nane, kisha huvunjwa, na kinachoandikwa ni kile mshale wa mashine ulichoonyesha. Sisi wanafunzi tulikuwa na haraka. Akaniomba neno la Kiswahili la kutuzuia, nikampa "bado". Tangu hapo, ukitia mkono kwenye tangi kabla ya siku, unasikia nyuma yako: "Bado."

Niliporudi nilipewa maabara ndogo Temeke: mashine moja, tangi moja, daftari. Wiki moja umeme ulikatika, mashine isifanye kazi. Msimamizi wa ujenzi wa ghala lile la Kurasini, ambalo mchemraba wake ulikuwa tangini mwangu, alinijia kila asubuhi akitaka karatasi ya kuruhusu mirunda iliyoshikilia zege la paa iondolewe.

"Ndugu mtaalamu, taifa linasubiri ghala," alisema.

Mdogo wangu Saidi alikuwa seremala kwenye ghala hilohilo. Nilijua mchanganyiko wa zege ni uleule wa wiki iliyotangulia. Basi nikanakili matokeo ya wiki ile, nikasaini. Wewe usingefanya hivyo?

Kesho yake mwenzangu wa maabara alipokwenda kula, nilisikia maji yakichuruzika. Mwalimu Shen alikuwa ameinama kwenye tangi, mikono ya shati lake la buluu imekunjwa. Nikasema nini? Nikasema "Shikamoo", kama mpumbavu. Alitoa mchemraba wa Kurasini, akaupangusa kwa kitambaa, akauweka kwenye mashine. Umeme haukuwapo, naapa. Mshale ulipanda kidogo tu, mchemraba ukamomonyoka kama muhogo wa kuchemsha. Akanigeukia.

"Bado."

Kisha nikawa peke yangu. Lakini vipande vilikuwapo, na ndani yake vipande vya makombe ya baharini. Mchanga wa mto ulikuwa umewaishia wajenzi, wakazoa wa pwani, wenye chumvi, unaodhoofisha zege.

Nilipanda baiskeli. Njia siikumbuki. Nilikuta mirunda ya upande mmoja imeshaondolewa.

"Simamisheni," nilimwambia msimamizi. "Watoe watu."

"Karatasi yako hii hapa mfukoni, ndugu mtaalamu."

"Ni ya uongo. Sikupima."

Saidi akachungulia kutoka chini ya zege, nyundo begani. "Kaka, umefuata ugali wetu? Maharage yameisha."

"Toka, Saidi. Sasa hivi."

Alitoka. Nisikilize vizuri: alitoka, nikamshika mkono. Kisha akasema, "Wenzangu wawili wako kule nyuma, hawajasikia," akauchomoa mkono wake mkononi mwangu, akarudi ndani. Wale wawili walitoka wakikimbia. Yeye hakutoka; zege la paa lilimwangukia.

Baada ya mazishi msimamizi aliichana karatasi ile mbele yangu. "Tumeshazika," alisema. "Yaishe." Nikakubali. Miezi miwili baadaye nikapata barua ya mwanafunzi mwenzangu wa China: Mwalimu Shen alikuwa amefariki hata kabla msingi wa ghala lile haujachimbwa.

Mama aliwaambia majirani, hadi siku zake za mwisho, kwamba mwanawe mkubwa alikimbia na baiskeli kwenda kuokoa watu. Alinishika kichwa akanibariki kwa hilo. Sikumwambia habari ya ile karatasi.

Nikishika kalamu kusaini chochote, hata fomu ya shule ya mtoto, kiganja hiki cha kulia hulowa maji baridi. Mke wangu ameshazoea, huniwekea kitambaa mezani.

Wewe unayesoma, kama kazi yako ni kuandika ulichokiona, usiandike ulichokidhania. Mie nililetewa mtu wa kunionya kutoka mbali vile, na alinikuta nimeshasaini.