Ndama Wazuri Walibaki Nyumbani

Siku ya chanjo shangazi yangu aliamka akiwa na ndama mmoja wa kuonyesha na mmoja wa kuficha.

Wa kuonyesha alikuwa dume mwembamba, mwenye kikohozi, mbavu zake unaziona ukiwa barabarani. Wa kuficha hakuwepo hata nyumbani. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, akilelewa katika zizi la rafiki yake ng'ambo ya korongo. Waliojua ni wa nani walikuwa wanawake hao wawili tu, na mimi, niliyekuwa nimerudi kijijini kumalizia riwaya iliyogoma kuisha, nikanong'onezwa siri hiyo tukipepeta uwele.

Kwetu upande huu wa Ikungi, mwenye akili hawalazi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Mmoja anampeleka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji. Anayelea hupata maziwa na samadi, mwenye mali hubaki mwenye mali. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile linasalia. Na macho ya watu, ambayo shangazi anayaogopa kuliko kupe, hayajui yatue wapi.

Yule mtamba alikuwa wa mwisho wa ukoo wake. Bibi yangu alipofariki alimwachia shangazi ng'ombe mmoja mwekundu, mpole, ambaye hata mgeni angeweza kumkamua huku akipiga soga. Alizaa, na watoto wake wakazaa, na ndigana ikawachukua mmoja baada ya mwingine. Ugonjwa huo unaletwa na kupe. Tezi chini ya sikio inavimba kama kiazi, homa inapanda, ndama anaacha kunyonya, kisha povu jeupe linatoka puani na pumzi inakuwa fupi. Shangazi alilijua povu lile kama mtu anavyojua mlango wa jirani mbaya.

"Huyu naye akienda," aliniambia, "mama yangu atakuwa amekufa mara ya pili."

Basi niliposikia chanjo ya ndigana inakuja, nilidhani tutamleta yeye. Shangazi alinitazama kana kwamba nimependekeza tuanike dhahabu juani.

"Mbele ya watu wote wale? Tutampeleka huyu mgonjwa. Dawa ni ya mgonjwa."

Tukamswaga yule dume mwembamba hadi kwenye zizi kubwa karibu na josho la kuogeshea mifugo. Bwana mifugo wa kata yetu ni binti wa rika langu, lakini cheo kimebaki na jina lake la kiume na hakuna anayejali. Alikuwa amekuja kwa pikipiki, nyuma amefunga mtungi kama mtoto mchanga. Alipoufungua, moshi mweupe ulimwagika ukitambaa chini, baridi kuliko asubuhi ya Juni.

"Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto," akasema mzee jirani yetu, akirudi nyuma hatua. "Huu wako, daktari, umetoka wapi?"

"Huu ni wa baridi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Baridi gani inafuka moshi? Mnatutisha."

Daktari akatueleza kwamba ndani ya mtungi kuna vimelea vyenyewe vya ndigana, vizima, vimelala usingizi wa baridi. Ndama anadungwa vimelea hivyo karibu na sikio, na papo hapo anadungwa dawa ya kuvizuia visimzidi. Anaugua kidogo, mwili unajifunza, na ndigana ya kweli ikija inakuta mwenyeji amekwisha kuamka. Ila vimelea vikishaamshwa havirudi kulala. Mrija mmoja wa chanjo hiyo unatosha ndama wa kijiji kizima, na ukishayeyushwa lazima uishe siku hiyo hiyo, mapema, la sivyo unamwagwa.

Aliona vumbi la ndama wakija kutoka kila upande, akafurahi, akautumbukiza mrija kwenye maji ya vuguvugu. Hapo ndipo vumbi lilipotulia na sisi sote tukaona kilichokuja.

Sijapata kuona mkusanyiko wa huzuni kama ule. Ndama waliokohoa, ndama wenye makamasi, ndama waliosimama kwa kuegemeana. Mmoja alikuwa amebebwa mabegani. Mzee jirani alileta wawili waliofanana na viti vilivyovunjika.

Daktari alipita mbele yao polepole. Kisha akageuka.

"Jamani. Wazuri wako wapi?"

Mtu mmoja akakohoa, ndama mmoja akamjibu.

"Hii ni chanjo, siyo hospitali! Mgonjwa nikimdunga namuua. Nataka wanene, wanaorukaruka. Hawa nitawatibu baadaye, bure. Na mrija nimekwisha kuuyeyusha, kosa langu, niliamini vumbi."

"Wazuri hatuna," akasema mzee jirani kwa sauti ya msiba.

"Mzee, jana nimepita kwako nikasikia mlio wa mtamba aliyeshiba."

"Ilikuwa redio."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyenyanyua mguu. Niliwaelewa. Mzee yule alikuwa amewaambia wakwe zake, waliokuwa wakisubiri mahari ya kijana wake, kwamba zizi lake limebaki na kinyesi tu. Na mkwe mmoja alikuwa amesimama pale pale, ameshika kamba ya ndama wake mwenye makamasi, anatazama mawingu. Kila mmoja alikuwa na uzuri wake umefichwa mahali. Wa kwanza kuutoa ndiye angesemwa.

Mrija ulikuwa mkononi mwa daktari, na jua lilikuwa linapanda.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa anafunga na kufungua pindo la khanga yake. Nilijua anawaza macho yote yale juu ya baka jeupe. Nilijua pia anawaza povu. Mwishowe alifunga pindo kwa nguvu, akapaza sauti ya mtu anayeita watu shambani:

"Mimi ninaye! Mtamba mwekundu, yuko kwa mwenzangu ng'ambo ya korongo. Ni wangu, wa ukoo wa ng'ombe wa mama. Haya, mmesikia, sasa mniroge vizuri mkiwa mnajua!"

Rafiki yake, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha tenki la maji, akaguna. "Kwa hiyo mimi miezi yote hii natunza siri ya nini?"

"Nenda ukamlete, mama, usinichekeshe."

Baada ya hapo ilikuwa kama mvua ya kwanza. Mzee jirani aliondoka akinung'unika kwa Kinyaturu, akarudi na mitamba wa kung'aa kama waliopakwa mafuta. Mkwe wake akamtazama, kisha naye akaenda kwake, akarudi na wengine wanono zaidi. Wakasimama mkabala kila mtu na uongo wake, wakaangua kicheko mpaka mzee akashika ukuta. Kumbe kijiji chetu ni tajiri! Zizi lilijaa migongo myekundu, myeusi na ya kijivu, na mimi niliyezoea kutafuta uzuri kwenye karatasi nilisimama nikiwa nimekamata mkia wa ndama wa mtu, nimefurahi kijinga.

Daktari alidunga bila kupumzika, akimvika kila mmoja hereni ya plastiki sikioni. Shangazi, ambaye sasa hakuwa na la kuficha, alianza maswali.

"Hao vimelea wako, ni wa aina moja?"

"Wamechanganywa aina tatu, mama. Ndigana siyo ukoo mmoja. Ndama anaweza kumzoea huyu, akaja yule asiyemjua, akamwangusha."

"Kama kugawa ng'ombe. Huweki vyote mahali pamoja."

"Ndiyo hivyo. Ila walipochunguzwa kwa ndani, ikaonekana wawili kati ya hao watatu ni ndugu wa karibu sana, hata kuwatofautisha ni kazi."

"Kwa hiyo ni koo mbili zinazojifanya tatu," akasema mzee jirani. "Nazifahamu familia za namna hiyo."

"Lakini huko nje wako wengi wasiofanana," daktari akaendelea. "Kupe akinyonya ng'ombe mwenye aina mbili, vimelea vinaoana tumboni mwake, vinazaa watoto wa sura mpya."

Shangazi aliacha kumshika mtamba. "Harusi ndani ya tumbo la kupe?"

"Kila siku."

"Na bila mahari," akasema mzee, akimtazama mkwe wake, na zizi likalipuka tena.

Cheko lile halikumfuata shangazi hadi nyumbani. "Kama wanazaa sura mpya kila siku," aliniuliza njiani, "hao watatu wa kwenye mtungi wanatosha?" Nilimjibu kwamba daktari alisema wamewakinga ng'ombe wengi, ingawa hakuna kinga isiyo na tundu. Hakupenda sehemu ya pili ya jibu.

Wiki ya pili rafiki yake alipiga simu alfajiri: mtamba ana joto na tezi imevimba. Tulivuka korongo bila kunywa chai. Shangazi alipiga magoti, akapapasa chini ya sikio, na nikaona mkono wake umekitambua kile kiazi. Akatazama pua. Pua ilikuwa na unyevu tu, safi. Nilimpigia daktari, akauliza kama ndama ananyonya.

"Kidogo."

"Basi mwili wake unasoma. Mwacheni asome. Akiacha kabisa kunyonya, nakuja mara moja."

Tulishinda pale. Wanawake wawili walikaa kwenye kigogo wakichambua mboga za mlenda, kila mara mmoja akiinuka kwenda kumtazama, mwingine akimwambia aketi, kisha akiinuka yeye. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Siku iliyofuata tena tulimkuta mtamba amechomoa kichwa chini ya ng'ombe mlezi aliyekuwa akimnyonyesha, maziwa yakimdondoka kidevuni, na nilipotaka kumshika sikio alinipiga kumbo nikakaa kwenye samadi.

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko.

Mvua zilipokuja, kupe nao walikuja. Tuliwaona masikioni mwa mtamba, wamevimba kama mbegu za nyonyo, tukawachuna, na yeye akaendelea kula. Ndama mmoja ambaye hakuletwa siku ile alikufa kijijini. Mtamba wetu alinenepa. Shangazi akaona sasa anaweza kumleta nyumbani mchana kweupe, akaenda na kamba mpya.

Rafiki yake alisimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni.

"Unampeleka wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Hapa ni wapi? Ameumwa hapa, amepona hapa. Mimi ndiye niliyekesha naye."

"Lakini ni wangu, mwenzangu."

"Nani amebisha? Kijiji kizima kinajua ni wako, ulipiga kelele mwenyewe. Aendelee kuwa wako akiwa hapa. Akizaa, mtoto wa kwanza uchukue."

Shangazi alimtazama mtamba, akamtazama rafiki yake, akaikunja kamba taratibu.

"Mtoto wa kwanza ni wako," akasema. "Mimi nitachukua wa pili. Na chai iko wapi, au siku hizi mgeni anapokelewa kwa kesi?"