Ndege Isiyohitaji Uwanja

Mchumba wa dada yangu alikuwa fundi wa ndege ya jeshi, na hakutuacha tusahau. Ndege yenyewe nilishaiona ikipita karibu na mapaa ya mtaa wa Kajaga: mabawa mgongoni, magurudumu manene yananing'inia, na kelele utadhani mashine ya kusaga mihogo. Kwa maelezo yake, haikuhitaji uwanja. "Muipe hata kashamba ka kuchezea mupira, inatua," alikuwa akisema, miguu juu ya meza ya mama. "Ndege zingine zote ni avion za wamama." Mama alimwongezea chai. Mimi nilimchukia, nasema wazi.

Siku ya mahari tulipanga viti uani kwetu, mtaa wa Mutanga Sud. Wakwe walifika na makreti ya bia, msemaji wao akiwa na koti na fimbo. Bwana harusi hakuwepo. Asubuhi ile aliomba mwenyewe kwenda na ndege milimani, eti mchana atakuwa amerudi, watu waone mwanamume anayeshuka kutoka angani kuja kuoa. Ikatua kweli, kwenye malisho ya ng'ombe. Kisha mvua ikanyesha, magurudumu yakazama, na ndege isiyohitaji uwanja ikawa inahitaji wanakijiji wenye majembe.

Msemaji hakutetereka. Alisifu ujasiri wa kijana wao mpaka jasho likamtoka, halafu akampigia simu, akaongeza sauti ili sote tusikie. Tulitegemea kuombwa radhi. Tukapata hotuba.

"Avion ingine haingeweza kutua hapa! Mungeona vile pilote alifanya! Uwanja hakuna, piste hakuna, lakini tuko chini!"

Akaeleza breki, akaeleza propela. Dada alikuwa amesimama mlangoni na mavazi yake yote, kucha zimepakwa rangi, anasubiri atajwe. Hakutajwa. Nilitamani kuirusha simu ile juu ya paa.

Kwetu bia ya wakwe haifunguliwi kabla binti hajaulizwa kama anawajua walioileta. Ni swali la heshima tu. Akisema ndiyo, amekubali kuolewa; jibu linajulikana, na watu huwa wameshashika vifungulio mkononi. Baba mkubwa akamwita mbele.

"Mwanangu, hawa watu unawajua? Tukunywe?"

Dada aliitazama simu, ambayo bado ilikuwa inaongea habari za breki.

"Huyu namujua, baba mukubwa," alisema. "Musikunywe."