Saluti Niliyopigiwa Nikiwa na Gunia la Takataka

Jamani, haya hata wanangu sijawahi kuwasimulia, kwa sababu mtu mzima kufagishwa barabara mchana kweupe, kanzu imekunjwa kiunoni, wateja wake wamejipanga wanamtazama, si habari ya kuwapa watoto. Lakini leo mmenichokoza wenyewe, basi sikilizeni, na kucheka mcheke.

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi nilikuwa fundi cherehani pale Kyebando. Macho yakaanza kuuma na kutoa machozi kila nikitunga uzi, nikaenda hospitali, daktari akanipa miwani nyeusi na kuniamuru nitembee kila asubuhi, niyapumzishe macho kwa kutazama mbali. Sasa nyie mnajua kwetu mtu mzima hatembei bure bure, ukipita tu unaulizwa waenda wapi, na kujibu "natembea tu" niliona haya (wangesema fundi kaishiwa kazi, au kaishiwa akili), kwa hiyo nikachukua gunia na kijiti chenye msumari nchani, nikawa naokota takataka njia nzima mpaka karibu na soko la Kalerwe: maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi, na zaidi makaratasi, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakipeperuka hadi mlangoni pangu.

Hebu sasa nitazameni kwa macho ya jirani. Mwanamume, miwani nyeusi tangu jua halijachomoza sawasawa (na siku zile miwani nyeusi ilikuwa ya wale jamaa wa usalama, waliokuwa wakimtia mtu kwenye buti la gari na msimwone tena), anatembea polepole, anainama, anaokota karatasi, anaisogeza karibu na pua kwa kuwa haoni vizuri, halafu anaitia guniani kwa uangalifu. Mimi nilijua nasafisha mtaa. Mtaa ulijua nakusanya ushahidi.

Watu wakawa wananyamaza nikipita, nami mjinga nikafurahi, nikasema kumbe usafi una heshima yake. Mpaka siku moja Ssalongo mwenye duka (kwetu baba wa mapacha ndivyo anavyoitwa) akanifuata nje na kifurushi, amekishika kwa mikono miwili, mgongo umeinama.

"Ssebo, hii sukali kidogo ya nyumbani," akaniambia (ssebo kwetu ndiyo bwana mkubwa). "Na mimi sina maneno yoyote, mimi nauza chumvi tu."

Sukari, jamani! Wakati ule sukari ilikuwa kitu cha kusikia kwa jirani, unapanga foleni tangu alfajiri unarudi na mfuko mtupu. Nilitaka kumuuliza kwa nini ananipa, neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lakini nikamtazama uso, nikaona kijasho juu ya mdomo wake, nikaelewa pale pale ananidhania nani. Na badala ya kusema "Ssalongo, mimi ni fundi tu naumwa macho," nikasema, "Ahsante," nikaenda zangu. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Mke wangu Zaituni akauliza, "Umeipata wapi?"

"Watu wanapenda usafi," nikamjibu.

Akatia vijiko vitatu kwenye chai yake, akanywa.

Baada ya sukari ikaja sabuni, baada ya sabuni mafuta ya kupikia, kwenye foleni nikisimama nyuma nasukumwa mbele, na mimi nikakohoa kidogo na kurekebisha miwani (naona aibu hata kuwaambia, lakini nilikuwa nimeshaanza kutembea kama wao). Kisha akaja Mama Nakku, muuza ndizi wa Kalerwe, akapiga magoti mbele yangu katikati ya njia. Mumewe alikuwa amekamatwa jana yake kwenye kizuizi cha barabarani, kisa baiskeli haina taa.

"Sema neno moja tu, ssebo. Wewe wanakusikia."

Nyie mngefanya nini? Kukana nilishachelewa, sukari ya watu ilikuwa tumboni. Nikasema, "Nitaona," nikaondoka mbio mbio, usiku kucha sikulala. Na bahati mbaya kubwa kuliko zote, kesho yake askari walichoka naye wakamwachia! Mama Nakku akapita soko zima akitangaza kwamba mwenye gunia akisema neno, jela inafunguka.

Siku mbili hazikupita, jipu ya jeshi ikasimama mbele ya duka la Ssalongo, nami nimeinama naokota gunzi. Akashuka sajini, mtu kama kabati, akanikazia macho, akagonga buti, akapiga saluti.

"Afande! Sisi hapana jua kama mkubwa iko hapa!"

Wallahi sikuuamuru mkono wangu. Ulipanda wenyewe ukajibu saluti, na gunzi la mahindi ndani yake.

Sajini akalitazama gunzi. "Afande iko ofisi gani?"

"Ya... ya takataka."

Akafikiri. "Hiyo iko ofisi mpya?"

Nikalificha gunzi nyuma ya mgongo, naye akaelewa. Akalimwaga gunia mbele ya umati: maganda, kwato la mbuzi, soksi moja. Akaokota karatasi, akaigeuza juu chini, akanitupia. "Soma!"

Nikasoma kwa sauti. Ilikuwa hesabu za mtoto wa shule, zote makosa.

"Nani nasema huyu iko afisa?" akanguruma. Watu wote wakatazama miguu yao, isipokuwa mmoja aliyemtazama Mama Nakku, na sajini akaliona jicho hilo, akamshika mama wa watu mkono kumvuta kwenye jipu. Yule mama hakulia, alinitazama tu. Nikajisikia nasema, "Mwache, afande. Mimi ndiye mwenye kosa. Walidhani, nami nikanyamaza kwa sababu ya sukari."

"Sukari?"

"Na sabuni. Na mafuta kidogo."

Nikaanza kutamka shahada. Ghafla sajini akapasuka kwa kicheko mpaka akaegemea jipu, akamwachia Mama Nakku, akanivua miwani akaivaa yeye, akaamuru niletewe ufagio. Nilifagia tangu dukani hadi njia ya Kalerwe, nimechutama, machozi yakinitoka (jua lile, na macho yangu yale), na yeye nyuma yangu ananionyesha kila jani. Mteja mmoja ambaye suruali yake nilikuwa sijaimaliza akasema kwa sauti, "Fundi, pale umesahau ganda!" Mtaa mzima ukacheka, na sikuwalaumu, maana ndicho kicheko chao cha kwanza mbele yangu baada ya miezi.

Jioni nilimrudishia Ssalongo kilichobaki. Hakunitukana. Alikipokea kwa mkono mmoja tu.

Takataka naokota mpaka leo, ila kila nikiinama napaza sauti, "Takataka tu, jamani, mimi fundi!" Na nimeapa, mtu akinipa kitu nisichokiomba huku anatoka jasho, kabla sijanyoosha mkono nitamuuliza: ndugu yangu, unadhani mimi ni nani?