Bi Taratibu na Farasi Aitwaye Kiberiti

Bi Taratibu alistaafu akiwa na miguu mibovu na mikono mizima, na hiyo mikono ndiyo iliyomletea taabu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkandaji katika chumba cha viungo hospitalini. Walioteguka, waliovunjika wakaungwa, wazee waliopooza upande mmoja, wote walipita mezani pake. Jina alilipata huko huko, maana kila mgonjwa alimpokea kwa neno hilo na kumsindikiza kwa neno hilo: taratibu.

Baada ya kuagwa kazini alikaa nyumbani akitazama ukuta mpaka ukuta ukamchoka. Mumewe alikuwa mwoka mikate, mwenye duka lake dogo na tanuri nyuma ya nyumba. Basi akajitia kumsaidia kukanda unga. Lakini mkono uliozoea kiuno cha mtu haujui unga unataka nini. Aliubembeleza, akauchua, akaupumzisha, na mikate ikatoka imelala kama mito ya kulalia.

"Mke wangu," mwoka mikate alimwambia kwa upole, "hawa si wagonjwa wako."

Mteja mmoja wa pale dukani alikuwa mkuu wa shule ya kupanda farasi iliyokuwa mwisho wa barabara, nyuma ya maghala. Watu walimwita Kamanda kwa sababu hakuwahi kuomba kitu. Alikuwa anaamuru, hata mkate. Asubuhi moja aliingia amepinda upande kama mlango uliobakiwa na bawaba moja. Farasi alikuwa amemrusha kwenye uzio. Mwoka mikate aliona riziki imejileta yenyewe: akamweleza kwamba ndani ana mkandaji bingwa asiye na wa kumkanda, na kwamba akimchukua atakuwa ameokoa mgongo wake na duka la mwenzake kwa pamoja.

Kamanda hakutaka kuacha kazi hata saa moja, kwa hiyo Bi Taratibu akawa anamfuata huko huko. Alimlaza juu ya benchi katika ofisi yenye harufu ya ngozi na vumbi la nyasi kavu. Dirisha la ofisi lilitazamana na banda, na kila siku, huku akibonyeza kiuno cha Kamanda, Bi Taratibu alimwona farasi jike mwekundu ametoa kichwa nje, masikio ameyalaza nyuma, mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari.

Huyo ndiye Kiberiti, aliyemrusha Kamanda kwenye uzio. Kamanda alimsimulia kwamba zamani alikuwa farasi mwema, wanafunzi wadogo walikuwa wanamgombania. Kisha tabia ikageuka. Akiona tandiko anauma, akifungwa mkanda anarusha mateke. Walimwekea lijamu, kile chuma cha mdomoni, kali zaidi, akazidi. Sasa anatafutiwa pa kupelekwa.

"Huyo ana maumivu," Bi Taratibu alisema.

"Ana jeuri."

"Jeuri na maumivu ni mapacha, Kamanda. Hata wewe jana nilipokugusa hapa ulinitukana."

Kamanda aliguna, uso umelala kwenye benchi. Akamwambia kama anataka kuumwa, aumwe, lakini asije kulaumu mtu.

Na kweli aliumwa. Siku ya kwanza aliingia bandani kwa kishindo cha mtu anayejua kazi yake, chupa ya mafuta ya tangawizi mkononi. Kiberiti alinusa yale mafuta, akapiga chafya, akamnyang'anya kitambaa cha kichwa pamoja na ngozi kidogo ya bega. Bi Taratibu alitoka nje kichwa wazi, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Pale ndipo alipokiri moyoni kwamba hajui kitu. Mgonjwa wa hospitalini anakuja kwa miguu yake na kusema panauma hapa. Huyu hakumwita mtu, wala hana mdomo wa kusema, na mtu mzima anamvamia na tangawizi.

Akaanza upya. Mafuta aliyaacha nyumbani. Alikuwa anakuja, anaweka ndoo yake karibu na mlango wa banda, anaketi, anashona vifungo vya mashati ya mumewe. Kiberiti alimkodolea macho, kisha akamzoea, kisha akaanza kumpulizia shingoni. Ndipo mkono ukapanda polepole kwenye shingo ya farasi, ukateremka, ukangoja. Alijifunza lugha yake: akiinamisha kichwa na kupiga miayo, endelea, akikaza mdomo na kusogeza mkia, ondoka hapo. Watu wa bandani walicheka. Walisema sasa kuna farasi anayekandwa kuliko bibi harusi.

Wakati huo Bi Taratibu alikuwa ameshika imani yake kwa mikono miwili. Alisoma kila alichokipata kuhusu malezi ya farasi kwa njia za asili, na alipanga chupa za majani makavu kwenye rafu ya ofisi bila kuomba ruhusa. Daktari wa wanyama, binti mrefu wa mabuti ya mpira aliyekuja kila mara kukagua farasi, alimtazama kwa jicho la pembeni, kama mtu anavyotazama sindano.

Lakini mkono wake ulipofika nyuma ya bega la Kiberiti, ngozi ikatetemeka yote na farasi akaugua kwa sauti. Alijaribu siku nyingine, ikawa vile vile. Alikanda mpaka akachoka, maumivu yakawa yanarudi. Ikabidi aweke kiburi kando na kumwita yule binti.

Daktari alipapasa, akaitikia kwa kichwa. "Umenionyesha panapouma, mama. Sasa tutafute sababu."

Sababu zilikuwa mbili. Tandiko lilikuwa limembana, maana Kiberiti alikuwa amepanuka mabega tangu aliponunuliwa na hakuna aliyempima tena. Na mdomoni, jino la nyuma lilikuwa limechongoka kama chupa iliyovunjika. Kila lijamu lilipovutwa, shavu lilikatwa. Daktari alimtuliza kwa sindano, akalisugua jino kwa tupa. Kamanda alisimama anatazama, kisha akatoka kwenda kukagua uzio ambao haukuwa na tatizo lolote.

Kuanzia hapo wakakubaliana bila kuandikiana. Daktari alishika meno, chanjo na minyoo; Bi Taratibu alishika mengine. Kiberiti alitolewa kwenye chumba chake akaachwa uwanjani na farasi dume mzee, mnene, mvivu, wakawa wanakunana migongo kwa meno. Chakula chake kikawa nyasi za kutwa nzima badala ya vikombe vya nafaka. Vyuma vya kwato vilitolewa, kwato zikapunguzwa na kuachwa zikomae zenyewe. Kamanda alinung'unika kwamba kesho watamletea farasi wake viatu vya kulalia. Hata hivyo hakuzuia.

Jambo moja tu liliwashangaza wote. Mwoka mikate, ambaye hakuwahi kumgusa farasi maishani, alikuwa akipita uwanjani jioni kumchukua mkewe, Kiberiti anaacha nyasi na kumfuata kama kivuli, bila kamba, bila kuitwa. Mzee alitembea mbele kifua kimetuna. Alisema wengine husoma vitabu, wengine wanazaliwa na kipaji. Bi Taratibu alifurahi, na kwa mbali akaona wivu.

Siku moja baada ya chakula cha mchana Kiberiti hakugusa nyasi. Alitazama ubavu wake, akalala, akaamka, akalala tena akijigaragaza. Tumbo limekaza. Kamanda alitazama upande wa ofisi, kwenye rafu yenye chupa za majani, halafu akamtazama Bi Taratibu, na wote wawili walijua anangoja nini.

"Mpigie daktari," Bi Taratibu alisema. "Sasa hivi."

Daktari alikuja, akamchoma sindano ya maumivu, akapitisha mpira puani na kumimina maji na mafuta mpaka tumboni. Halafu akauliza amekula nini. Kila mtu alisema nyasi. Mwoka mikate, aliyekuwa amefika mbio na aproni yake ya unga, alikohoa.

"Na mkate," alisema. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, baba?"

"Ile iliyobaki dukani." Akaongeza kwa sauti ndogo: "Jana ilibaki mingi."

Bi Taratibu alimtazama mumewe kwa namna ambayo mzee alitamani arudi tanurini, tena ndani. Lakini hakukuwa na nafasi ya kugombana. Daktari aliwaambia wamtembeze polepole, wasubiri matumbo yaamke. Akamruhusu Bi Taratibu amkande ubavuni wakipumzika, maana hakutakuwa na madhara. Kamanda akashika kamba.

Walizunguka uwanja ule wee. Katika mzunguko mmoja, Kamanda akasema bila kugeuka:

"Mgongo wangu ulipona zamani."

"Najua."

"Nilikuwa nakuambia bado unauma ili nisimpande. Nikimkaribia, nauona ule uzio tena."

"Hilo nalo najua. Nilikuwa nakukanda huku nikingoja useme."

Kamanda aliendelea kutembea, mkono wake umeingia chini ya manyoya ya shingo ya Kiberiti. Pale alikuwa anamwongelesha farasi maneno ambayo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuyasikia kutoka kwake. Alimwambia tafadhali.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Kiberiti aliposimama ghafla, akainua mkia, na kuangusha rundo la mavi lenye kutoa mvuke. Daktari alipiga makofi. Kamanda alivua kofia. Mwoka mikate alitazama lile rundo machozi yakimlengalenga, akasema kwamba katika maisha yake ya kuoka hajapata kuona kitu kizuri namna hiyo.

Mikate ikapigwa marufuku. Kiberiti alimpekua mzee mifuko yote kwa siku kadhaa, akakosa, akanuna, kisha akaamua kumfuata tu hivyo hivyo. Hapo ndipo Bi Taratibu alipomsamehe mumewe sawasawa.

Kamanda alimpanda tena asubuhi ya kawaida, pasipo watazamaji isipokuwa wale wale watatu. Tandiko jipya lilikuwa pana, kichwani kamba laini tu, bila chuma mdomoni. Alisimama kando ya farasi kwa muda mrefu, mkono begani pake. Kiberiti aligeuza kichwa, akamnusa kiatu. Kamanda akavuta pumzi, akapanda. Walizunguka kwa hatua, mara moja kulia, mara moja kushoto, na hakuna lililotokea, jambo ambalo ndilo walilokuwa wakiliomba.

Aliposhuka, alimfungua tandiko na kumvua kamba. Kiberiti alitikisa mwili, akapiga magoti kwenye vumbi la katikati ya uwanja, akajibwaga na kujigaragaza miguu juu, akikoroma kwa raha. Vumbi lilimfunika Kamanda kuanzia kofia hadi viatu, naye akasimama pale pale ndani yake, anacheka mpaka akashika kiuno.