Nilimwambia mdogo wangu "sawa" huku nikijua viatu vyake haviko sawa

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura.

Haya yamenitokea mimi, sijatia chumvi, na sehemu mbaya zaidi ni yangu mwenyewe. Kifaransa kitaingia hapa na pale, mnivumilie, ndivyo tunavyoongea.

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Cibitoke. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikabaki na mdogo wangu Nadège. Niliacha shule darasa la sita ili yeye asome, na akasoma kweli, mpaka akapata diplôme, cheti cha kumaliza masomo.

Ananiita Yaya. Huku kwetu maana yake ni dada mkubwa. Najua kwenu yaya ni mlezi wa mtoto. Kwangu yote mawili ni kweli.

Nina miaka tisa kwenye kikundi cha huduma ya kwanza cha mtaa, wote tunajitolea. Ukuta ukianguka, pikipiki ikigonga mtu, sisi tunafika kwanza. Vile vitambaa vya pembetatu vya kufungia mkono uliovunjika nashona mimi, kwa mashuka ya zamani. Machela ikichanika inakuja kwangu. Nadège nilimleta mimi, na bendeji ya kwanza alijifunza kwa kufunga mguu wa cherehani yangu.

Sasa sikieni.

Mwaka huu tukaletewa vifaa: casque, zile kofia ngumu, gilet, yaani vizibao, zenye maandishi mgongoni, glavu, na viatu vya bottines, vya ngozi na soli nene. Vilikuwa vichache, na waliovitoa walitaka majina ya wenye diplôme.

Nadège akapata. Mimi nikabaki na sandali zangu za plastiki.

Nilipiga makofi kama wengine. Mwenzetu Kassim, ambaye hawezi kukaa kimya, akasema, "Ii casque imefika université, kofia zetu sisi ziliishia primaire!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini kitu kilinikaa kooni, na hakikushuka.

Wakuu, wivu kwa mtu uliyemlea ni ugonjwa wa aibu, huwezi kumweleza mtu. Nilikuwa napiga pasi gilet yake kila Jumamosi, na kila nikifika kwenye yale maandishi nabonyeza pasi kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Na viatu sasa! Vilikuwa namba 42. Nadège anavaa 38. Mimi nina miguu mikubwa, tangu utoto nachekwa. Siku moja yeye anaoga, nikavijaribu. Vilinikaa kama nimepimiwa. Nikavivua haraka kama mwizi.

Yeye mwenyewe aliniambia, "Yaya, ii viatu ni yako kabisa. We vaa, mi miguu inaogelea ndani."

"Apana. Mi sina diplôme."

"Nani anaangalia diplôme kwa miguu?"

"Vaa viatu vyako, Nadège."

Basi akawa anajaza vitambaa mbele, vipande anavyookota chini ya cherehani yangu, ndipo vinamkaa.

Hapa lazima niwaeleze utaratibu wetu mmoja. Kabla mtu hajashuka sehemu ya hatari, mwenzake anamkagua kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha anampiga begani na kusema "sawa". Bila hiyo sawa, hushuki. Hata chef, kiongozi wetu, haruki hatua hiyo.

Jumapili moja mchana, baada ya mvua ya siku mbili, tukapigiwa simu. Upande wa Mutanga Nord, ukingo wa korongo ulikuwa umemeguka na fundi mwashi mmoja ameteleza nao hadi chini. Alikuwa hai, anapiga kelele.

Tulitoka nyumbani mbio. Pale dirishani niliona vile vitambaa vya viatu. Nadège alivifua jana yake, akaviacha vikauke, na kwa haraka akavisahau.

Niliviona. Sikusema kitu.

Tulipofika, chef Donatien akaangalia miguu yetu. "Nadège ashuke, yeye ana bottines. Yaya wake amukague. Kassim, shika kamba."

Miaka tisa, na kazi yangu ni kumkagua mtoto niliyemfundisha.

Nikaanza juu. Casque, mkanda wa kidevuni umebana. Glavu, zipo. Kamba kiunoni, fundo zuri. Nikafika kwenye viatu. Alipojisogeza niliona kisigino kikipanda ndani. Niliona, wakuu. Na kichwani sauti ikasema: acha wajue huyu mwenye diplôme anavyotembea.

Sikutaka aumie. Nilitaka ateleze kidogo tu, mbele za watu.

Nikampiga begani. "Sawa."

Akashuka vizuri. Akamfunga yule fundi kichwa, akamweka kwenye machela, wakamvuta juu salama. Kisha akaanza kupanda mwenyewe. Katikati, kiatu cha kulia kilinasa kwenye tope, mguu ukachomoka nusu na kujipinda. Nilisikia mlio wake nikiwa juu.

Nilishuka na sandali zangu, moja ikabaki njiani. Nilimfunga mguu kwa vipande viwili vya ubao na vitambaa nilivyoshona mwenyewe.  

Mguu ulivunjika juu ya kifundo. Ilikuwa aanze stage, mafunzo ya kazini ya uuguzi, wiki ileile. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Kwenye mkutano chef akauliza, "Nani alimukagua?" Kabla sijafungua mdomo, Nadège akajibu, "Ni mi niliharakisha. Yaya hana kosa."

Na mimi nikakaa kimya kwa mara ya tatu.

Chef akaniletea zile bottines, zimeoshwa. "Zinakutosha we. Chukua."

Nilizibeba hadi nyumbani, nikaziweka mbele ya Nadège, nikamwambia yote. Dirisha, kisigino, ile sauti.

Alivuta kiatu kimoja, akakishika kisigino. Kisha akasema, "Nilisikia viatu vimelegea. Lakini nilikuona unaviangalia, halafu ukasema sawa. Nikajua ni sawa. We hujawahi kunidanganya."

Angenitukana ningepumua.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi nikarudia yote. Kassim hakutania. Chef alinisimamisha kushuka mwezi mzima, na alikuwa na haki.

Sasa nashuka tena, na bottines ninazo. Nadège anakuja na gongo lake la kutembelea, na anayenikagua ni yeye, aliomba mwenyewe. Akifika miguuni anainama kwa shida, anabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, anavuta kisigino. Anachukua muda mrefu kuliko mtu yeyote. Kassim analalamika na kamba yake, yeye hasikii.

Mimi nasimama nasubiri aseme.

Nilichojifunza: kifaa kisichokutosha si kinga, hata kama kimeandikwa jina lako. Na kama una wivu na mtu, mwambie mwenzako mwingine amkague.

Najua wengine mtanisema vibaya. Semeni, nasoma yote. Ila ningependa kumsikia mkubwa mwenzangu aliyelea wadogo: hiki kitu kimewahi kukukaa kooni? Ulikitoaje?