Msichana Waliyemtoa Darasani Kwangu

Nilipelekwa kufundisha Didia, kijijini huko Shinyanga, katika miaka ya sabini, nikiwa nimetoka chuoni moja kwa moja, mtoto wa mjini Tabora nisiyejua hata kubeba ndoo kichwani bila kulowa. Nyumba ya mwalimu niliyopewa ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha pili alikaa mwalimu mwenzangu, mwanamke kama mimi, tuliyesoma naye chuo kimoja. Tulipika pamoja, tukala sahani moja. Nilipougua malaria yeye ndiye aliyenifulia mashuka. Alipofiwa na baba yake, mimi ndiye niliyefundisha vipindi vyake mpaka aliporudi. Sijapata kuwa na rafiki mwingine niliyemwambia mambo yangu kama nilivyomwambia yeye.

Wakati huo serikali ilikuwa imeagiza kila mtoto aende shule. Mabalozi wa nyumba kumi walipita kwa wazazi, na watoto waliokuwa wakichunga ng'ombe wakaletwa darasani, wengine wananizidi kimo. Darasa langu la tatu lilijaa hadi waliokosa madawati wakakaa sakafuni. Mmoja wa waliokaa sakafuni alikuwa msichana mwembamba, mtoto wa wakulima wa pamba, ambaye kila mwalimu aliniambia nisijisumbue naye. Walisema ni mzito. Walisema Kiswahili hakijamwingia, kwa kuwa nyumbani kwao wanazungumza Kisukuma tu.

Mimi niliona jambo jingine. Ukimwuliza hesabu kwa mdomo, alijibu kabla wenzake hawajamaliza kuhesabu vidole. Ukisimulia hadithi, kesho yake angeirudia yote, mpaka kikohozi ulichokohoa katikati. Siku moja nilimwita asome mbele ya wenzake. Alishika kitabu akasoma vizuri, bila kukwama, nami nikashangaa. Halafu nikatazama kitabu chenyewe. Ukurasa ule ulikuwa umechanika nusu, na yeye alikuwa anaendelea kusoma maneno yaliyokuwa kwenye kipande kilichopotea. Alikuwa ameyashika yote kwa kuwasikiliza wenzake. Hakuijua hata herufi moja.

Chuoni hatukufundishwa lolote kuhusu mtoto wa namna hiyo. Nilianza kubahatisha. Baada ya masomo nilibaki naye, tukafinyanga herufi kwa udongo, zikakauka juani, naye akazipapasa akiwa amefumba macho. Aliyoyaona kwa macho yalimchanganya. B ikawa d, maneno yakarudi nyuma. Lakini vidole vyake havikukosea. Taratibu akaanza kusoma maneno mafupi. Siku aliyosoma neno "mama" ubaoni, bila udongo, aliniuliza kwa Kisukuma kama wengine wote huwa wanaliona hivyo hivyo, limetulia, halitembei. Nilimwambia ndiyo. Akasema, "Kumbe."

Haya yote nilimsimulia mwenzangu jikoni kila jioni. Alicheka nami, alisikitika nami. Zipo siku msichana alisahau kila kitu tulichojifunza jana yake, nami nikarudi nyumbani miguu inauma. Jioni mojawapo ya hizo, nikimenya viazi, nilimwambia, "Leo nimechoka, mwenzangu. Naona kama natwanga maji tu." Akanipokonya kisu akaniambia nikapumzike, viazi atamenya yeye. Nililala nikiwa na amani.

Kisha ikaja habari kwamba wakaguzi watatutembelea, na kwamba watawasikiliza darasa la tatu wakisoma. Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Yule mtoto wako wa sakafuni," alisema, "siku hiyo asiwepo."

"Atakuwepo, mwalimu. Anasoma sasa. Polepole, lakini anasoma."

"Wakaguzi hawana polepole."

Nilimwambia kwamba wazazi wale walilazimishwa kumleta, na sisi hatuwezi kumficha kama kitu cha aibu. Akasema, "Haya, abaki." Nilitoka nikiwa nimeshinda. Nilimweleza mwenzangu, naye akanishika mkono akasema nimefanya vyema.

Juma lililofuata nilitumwa Shinyanga mjini kwenye semina ya walimu. Mwenzangu alijitolea kulishika darasa langu. Niliporudi, msichana hakuwepo.

"Wazazi wake wamempeleka kwa shangazi yake," mwenzangu aliniambia, akikoroga uji. "Mambo ya kifamilia. Sikutaka kuyaingilia."

Wakaguzi walikuja, wakasikiliza, wakafurahi. Darasa langu lilisoma bila mtu kukwama. Mwalimu mkuu alimsifu mwenzangu mbele ya wote kwa kuliandaa darasa nilipokuwa safarini, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Msimu wa pamba ulipofika nilimkuta mama wa msichana kwenye foleni ya mizani, amekaa juu ya gunia lake. Nilimsalimia kwa Kisukuma kama ninavyomsalimia mama, "Mwadila, mayu." Hakuitikia. Wanawake waliokuwa karibu wakageuka, kwa sababu kwao kutoitikia salamu si jambo dogo.

"Mayu, nimekukosea nini?"

"Ulimtuma mwenzako," alisema. "Alikuja nyumbani na mtoto. Alisema wewe umeshindwa, umeona aibu kuja mwenyewe. Alisema umechoka, kwamba kumfundisha mwanangu ni kutwanga maji."

Niliposikia maneno yangu ya jikoni yakitoka kinywani mwa mama yule, nilihisi kama nimevuliwa nguo pale kwenye mizani.

"Mtoto mwenyewe alisikia?"

"Alikuwa amesimama pale pale. Hakulia. Aliingia ndani akakunja sare yake." Mama akatazama gunia. "Mlituambia tumlete, tukamleta. Mkasema anaweza, tukaamini. Baba yake alikuwa ameanza kumwita mwalimu. Hatuna jambo na wewe tena."

Nilimwomba aniambie shangazi anaishi wapi. Alikataa. Nilimfuata baba siku nyingine, naye akaniambia kwa adabu kabisa kwamba binti yake amekwisha kuwa mzigo wa kutosha kwa watu waliosoma.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mwenzangu anaanika nguo. Nilimwuliza. Hakukana. Alibana shuka kwenye kamba, akasema, "Mkuu aliniomba. Wewe ulikuwa unajiharibia. Mtoto mmoja angekufanya uonekane huwezi kazi."

"Kwa nini ulitumia jina langu?"

"Kwa sababu wasingenisikiliza mimi. Wewe ndiye waliyekuwa wanakuamini."

Alilisema bila hila, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Hilo liliniumiza kuliko jambo lenyewe alilolifanya. Tulikaa nyumba ile miezi kadhaa zaidi, kila mtu na jiko lake, mpaka yeye alipopandishwa kuwa mwalimu mkuu wa shule nyingine. Walimu walichangishana kumwandalia chakula cha kumuaga. Nilichanga, lakini sikwenda. Mwishowe niliomba uhamisho, nikapelekwa upande wa Kahama.

Miaka ilipita. Katika miaka ya themanini watu walikuwa wakimiminika kuelekea Bugarama kutafuta dhahabu, na Nyahanga, nilikokuwa nikiishi, kulikuwa na vibanda vya chakula vya kuwalisha wapitaji. Asubuhi moja niliingia kwenye kibanda kimoja kunywa chai. Wachimbaji walikuwa wakiagiza kwa fujo, huyu chapati, huyu supu, huyu anamlipia na mwenzake, na mwanamke aliyekuwa akihudumia alikumbuka yote bila kukosea. Nilimtambua kabla hajanitazama. Alipofika mezani kwangu alisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniletea chai, na wateja walipopungua akaja kukaa. Nilimweleza yote: semina, mizani, baba yake, nguo kwenye kamba. Alisikiliza vile vile alivyokuwa akisikiliza hadithi darasani, bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo hukumtuma," alisema.

"Sikumtuma."

"Lakini ulisema yale maneno?"

"Nilisema kwa uchovu, nikiwa namwambia rafiki."

Akafuta meza kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. Alisema kule kwa shangazi alikuwa akikaa barabarani siku nyingi akinisubiri, kwa kuwa alidhani nitakuja kukanusha. Baadaye akaacha kukaa. Kusoma hakuendelea nako. Akiona karatasi huwa anamwita mtu amsomee.

"Yule mwalimu mwingine yuko wapi siku hizi?" aliuliza.

"Ni mwalimu mkuu. Shule kubwa."

"Nilimpenda sana yule," alisema. "Siku ile alinichukua darasani akasema ananisindikiza nyumbani. Alinishika mkono njia nzima. Kwenye korongo alinibeba ili nisilowe miguu. Nilijua tunakwenda kumwambia mama kwamba nimejua kusoma."

Mchimbaji mmoja aliita akitaka supu. Msichana wangu akanyanyuka kwenda kumhudumia, nami nikabaki na chai yangu, sijui kama nimalize au niondoke.