Aliombea Mashine Badala ya Kunipa Waranti

Admin, jina langu lisionekane popote, huku Tetu tunajuana wote. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na nne, na riziki yetu ni ng'ombe mmoja wa maziwa.

Nilinunua mashine ya kukamua kwa duka la mzee wa kanisa letu, Nyeri mjini. Yeye na mkewe ndio walisimamia harusi yetu. Nilipoomba risiti na waranti akacheka, "Ati karatasi? Msichana wangu, sisi watu wa Mungu karatasi ni ya nini?" Akaweka mkono juu ya mashine, akaiombea. Na mimi mjinga nikasema amina!

Wiki haikuisha. Mashine ilivuta chuchu za ng'ombe mpaka maziwa yakatoka na damu. Nikairudisha. Mzee hata hakuiangalia. "Waranti ni ya kiwanda, na kiwanda iko Uchina. Peleka huko." Mwishowe akasema niiache hapo, ataona.

Nikapigia dada yangu aliye Ujerumani. Akawaka: "Huku aliyekuuzia ndiye anakutengenezea, hata kama kitu kimetoka Uchina! Na hapo Kenya pia kuna sheria ya kulinda mnunuzi. Usikubali kuchezewa!"

Leo nikaenda dukani nikiwa nimejaa hasira. Nikakuta mashine yangu imepanguswa, imefungwa nailoni mpya, na mzee ameiwekea mkono anaiombea! Mbele yake ni shosho mmoja, bibi mzee jirani yetu, amefumba macho. Mpira wa mashine bado uko na alama pale ng'ombe wangu aliukanyaga. Kabla niseme kitu, mzee akanikazia macho. "Mama, salimia bwanako." Nikajua anamaanisha atanishtaki kwa bwanangu, nikarudi nyuma. Shosho akalipa, boda ikambebea mashine. Shenzi kabisa! Jina la Mungu limekuwa la kuuzia wazee takataka?

Nimemwambia bwanangu, akanijibu eti, "Huyo ametushikia ndoa. Tukikosana tunaenda kwake. Ukimwaibisha, rudi kwenu."

Jamani, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nimwambie shosho, niende kushtaki bila risiti, ama nitunze ndoa yangu? Nijibuni haraka. Shosho pia ana ng'ombe mmoja tu, na anakamua na hiyo mashine kesho alfajiri.